Muulize Fundi: Picha zetu zote ziko kwenye mashine ya mume wangu, ikifa je?

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wanaoendesha huduma zao wenyewe nyumbani, picha, muziki, mafaili, paswedi, mpaka barua pepe, wengine kwenye kompyuta kuukuu, wengine kwenye bodi ndogo iliyojificha nyuma ya tv, na mashine hiyo ndo tunaiita seva. Nazipenda sana hizi barua maana na mimi ndo mchezo wangu wa kila wikendi. Zingine nimezikata kidogo ili nafasi itoshe. Na niseme msimamo wangu mapema kabisa, mtu akiniuliza kitu fulani kinawekwaje huwa namuuliza kwanza siku kikifa atakirudishaje, kwa hiyo utaona majibu yangu mengi yanaangukia huko huko, usichoke.

Fundi habari. Nimefungua poti (ule mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye ruta, nimeielekeza kwenye seva yangu, nikiwa ndani inafunguka vizuri tu lakini nikitoka nikatumia data ya simu hamna kitu, inazunguka mpaka inakata. Nimebadilisha ruta, nimezima fayawoli, nimerudia kila kitu toka mwanzo. Nikiwapigia wa intaneti wananiambia laini iko sawa. Nakosea wapi? — Nje ya Geti

Inawezekana kabisa hujakosea popote, na hao wa intaneti nao hawajakudanganya, kwa mtu wa kuangalia video laini iko sawa kweli. Fanya hivi, ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie ile anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha laini yako kwenye intaneti, iliyopewa upande wa nje, pale pameandikwa WAN, alafu fungua tovuti yoyote ile inayokuonyesha IP yako na ulinganishe. Zikiwa tofauti, na hasa hiyo ya kwenye ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 hapo mwanzoni, basi uko kwenye CGNAT. Yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje kwa pamoja, wewe umefungua mlango wa chumba chako lakini geti liko kwa mtoa huduma na mlinzi wa geti hakujui.

Sababu yake ni ya zamani kidogo. Anwani za IPv4, yaani zile za mtindo wa zamani, ziko kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho ya ile akiba kuu yaligawiwa tarehe 3 Februari 2011. Mwaka 2012 likatengwa rasmi hilo fungu la 100.64.0.0/10 kwa ajili ya kampuni za intaneti kuwabana wateja wengi nyuma ya anwani chache. Kwa hiyo hata ununue ruta ya aina gani haitasaidia, pesa yako itapotea bure.

Ya kufanya. Kwanza waulize kama wanatoa anwani ya IP ya umma, tumia maneno hayo hayo, maana ukiuliza kuhusu poti yule wa simu atakusomea karatasi yake tu. Wengine wanatoa kwa nyongeza kidogo, wengine hawatoi kabisa. Pili angalia kama umepewa IPv6, anwani za mtindo mpya, hiyo haina shida ya uhaba, ila huko unakotaka kufungulia nako lazima iwepo. Tatu, na hii ndo ninayoipenda mimi, kodi seva ndogo kabisa huko nje alafu ya nyumbani iunganishe nayo kwa WireGuard, programu inayotengeneza njia ya siri kati ya mashine mbili. WireGuard iko ndani ya mfumo endeshi wa Linux wenyewe toka toleo la 5.6 la Machi 2020, ni nyepesi na inatulia. Usisahau kuweka PersistentKeepalive iwe 25 upande wa nyumbani, bila hiyo njia inajifunga yenyewe ikikaa kimya muda kidogo na utabaki unashangaa mbona asubuhi ilikuwa inafanya kazi. Kama hutaki kukodi seva, Tailscale inafanya karibu hayo hayo bila wewe kugusa poti yoyote. Ila ujue nayo inagawa anwani kutoka kwenye fungu hilo hilo la 100.64, kwa hiyo ukiiona anwani ya namna hiyo kwenye simu yako baada ya kuiweka usije ukadhani ni mtoa huduma.

Kuna na zile njia za bure za kampuni kubwa ambazo trafiki yako yote inapita kwao. Zinafanya kazi, sibishi, lakini nyingi zinaifungulia trafiki yako kwao kabla ya kukuletea, na kama ulihama klaudi kwa ajili ya faragha basi hapo ujiulize umehamia wapi.

Nimenunua diski imeandikwa 4TB kompyuta inaniambia 3.6. Nimeibiwa? — Mteja

Hapana. Kiwandani TB moja ni baiti trilioni moja kamili, kompyuta yako inagawanya kwa 1024 mara nne badala ya 1000, ndo inatoka 3.64. Ingekuandikia 2 ndo ungepiga kelele. Cha muhimu kuliko hicho ni kuijaribu diski mpya kabla hujaiamini, ijaze data mpaka mwisho alafu isome yote, ikiwa mbovu au feki itajulikana wakati bado unaweza kuirudisha dukani.

Fundi, nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye Pi-hole ya kuzuia matangazo na vitu vingine viwili vitatu. Kila umeme ukikatika kwa muda mrefu, ukirudi vitu vinakuwa vya ajabu, tovuti zinasema cheti si halali, ile namba ya kuthibitisha ya kwenye simu inakataliwa, na wakati mwingine nyumba nzima inakosa intaneti hata kama laini ipo. Nikihangaika nayo saa nzima inajikuta imepona na sijui nimefanya nini. Nimechoka jamani. — Mchovu wa Kadi

Pole sana, na nimeichagua barua yako makusudi maana hii ni moja ya zile shida zinazomfanya mtu aache kabisa wakati chanzo chake ni kimoja tu: saa.

Pi 4 haina saa yake yenyewe inayotembea ikiwa imezimwa. Wakati inazimika inakumbuka tu saa ya mwisho iliyoandika kwenye memori kadi, ikiwaka inaanzia hapo, kwa hiyo kama umeme ulikatika jana usiku yenyewe inaamini bado ni jana usiku. Sasa hebu fuatisha. Cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, kilichotolewa leo asubuhi, yenyewe inaona kimetoka kesho, inakataa. Zile namba za kuthibitisha zinabadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, seva ikiwa nyuma namba ya simu yako haiwezi kufanana na ya kwake. Vyote ulivyoviorodhesha vinatoka hapo.

Utasema si itasahihisha saa kwenye intaneti? Ndio, na hapo ndo utamu wenyewe ulipo. Ili isahihishe inabidi itafute seva ya saa kwa jina, jina linatafsiriwa kuwa anwani ya namba na DNS, DNS yako ni Pi-hole iliyo ndani ya mashine hiyo hiyo, na kama umewasha DNSSEC, ule ukaguzi wa majibu ya DNS, basi Pi-hole inakagua sahihi ambazo zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, saa ikiwa mbovu sahihi zote zinaonekana batili, majina hayatafsiriki, saa haisahihishwi. Imejifungia ndani na funguo iko ndani. Na kwa kuwa nyumba nzima inaitegemea hiyo Pi kwa majina, nyumba nzima inakaa bila intaneti. Siku zile inapona yenyewe ni kwa sababu umeme ulikatika muda mfupi, tofauti ya saa ni ndogo na sahihi nyingi bado zinakubalika.

Dawa rahisi ni kuiambia hiyo Pi yenyewe, sio vifaa vingine vinavyoitegemea, itafute saa kwa anwani ya namba badala ya jina, au ichukue saa kutoka kwenye ruta kama ruta yako inatoa, au itumie DNS nyingine kwa mahitaji yake binafsi. Dawa ya kudumu zaidi ni kununua kale kamoduli ka saa, DS3231, kana betri ya duara kama ya saa ya mkononi, unakachomeka kwenye pini na saa inatembea hata umeme ukikatika wiki. Pi 5 wameiwekea saa ndani tayari ila betri yake unanunua pembeni, wengi hawalijui hilo na wanashangaa mbona shida ni ile ile.

Jina ulilojipa limenifanya nihisi na memori kadi zinakufa. Andika vcgencmd get_throttled, ikikujibu 0x0 umeme unatosha, ikijibu kitu kingine chochote basi huenda chaja yako au waya hautoshi, na kompyuta inayopata umeme pungufu inaweza kuharibu kadi kabla ya wakati wake. Pi 4 inaweza kuwaka kutoka kwenye diski ya SSD ya USB, hamishia huko, kadi ibaki ya kujaribia.

Fundi, mimi sio mtu wa kompyuta, mume wangu ndo anapenda hivyo vitu. Mwaka jana alihamisha picha zetu zote, za watoto toka wamezaliwa, harusi, za mama yangu ambaye hayupo tena, kutoka kwenye huduma tuliyokuwa tunailipia, akaweka kwenye mashine yake nyumbani. Kweli inafanya kazi, simu yangu inapandisha picha yenyewe na natafuta kwa sura kama zamani. Lakini wiki iliyopita alikuwa safarini ikazima, siku mbili sikuona picha hata moja na yeye kwa simu hakuweza kunielekeza. Nikimuuliza ikifa je, ananiambia usiwe na wasiwasi kuna diski mbili. Mimi wasiwasi ninao. Je nina haki ya kuwa nao au ndo sielewi? — Mama Wawili

Dada yangu, unayo haki, na swali lako ni bora kuliko mengi ninayopata kwa wataalamu. Nitakujibu kwa urefu na ningeomba na mumeo asome, maana kwanza kabisa alichofanya sio kibaya. Hizo huduma masharti yanabadilika, Google Photos kwa mfano ilikuwa inakupa nafasi isiyo na kikomo bure mpaka tarehe 1 Juni 2021, baada ya hapo kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa. Mtu anayetaka picha za watoto wake zikae kwake simlaumu hata kidogo.

Lakini diski mbili. Mara nyingi mtu akisema hivyo anamaanisha RAID, yaani kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa na ya pili papo hapo. Hiyo inasaidia kwa jambo moja tu, diski moja ikifa mashine inaendelea kutembea. Ukifuta albamu kwa bahati mbaya imefutwa kwenye zote mbili. Kirusi kikifunga mafaili kimefunga zote mbili. Umeme ukipiga, mwizi akibeba, maji yakiingia, zote mbili ziko kwenye boksi moja. Hiyo sio bekapu, yaani nakala ya akiba. Programu ya kusinki, ile inayolinganisha mafaili kati ya vifaa, nayo peke yake sio bekapu, kwa sababu hiyo hiyo, inasambaza na makosa. Kipimo kinachotumika sana, ambacho kilienezwa na mpiga picha anaitwa Peter Krogh, ni nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Hiyo moja ya nje ndo watu hawana. Inaweza kuwa diski iliyo kwa dada yako inayobadilishwa kila baada ya muda, inaweza kuwa nafasi ya kukodi ambayo data inafungwa kwa paswedi kabla haijatoka nyumbani, programu za bekapu restic na Borg zote zinafanya hivyo vizuri.

Sasa hata nakala hizo zikiwepo bado sijaridhika, na nitakwambia kwa nini. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza kodi za programu za watu mtandaoni, watu ambao kazi yao ni hii hii, mhandisi wao alikuwa anapambana na tatizo la databesi (ghala lao la taarifa) usiku, akafuta folda kwenye seva isiyo yenyewe, ile kuu. Wakaenda kwenye bekapu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data na wakati huo hakuna hata moja iliyokuwa ya kutegemea. Bekapu ya kila siku ilikuwa inashindwa kwa sababu programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la zamani kuliko databesi, na zile barua pepe za kuwaambia kwamba imeshindwa zilikuwa zinakataliwa njiani hazimfikii mtu. Waliokolewa na nakala moja ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama saa 6 kabla kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani bila kuficha na nawaheshimu kwa hilo. Ndo maana nasema bekapu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

Kwa hiyo mwambie mumeo, kwa upendo, kwamba unataka kuona. Achukue kompyuta nyingine, asiguse ile mashine kabisa, akurudishie picha za mwezi fulani utakaochagua wewe kutoka kwenye ile nakala ya nje. Wewe ndo uchague, sio yeye. Ukiziona zikifunguka na tarehe zake ziko sawa, hapo una picha.

Kingine ambacho ni rahisi kusahau, programu hizi za picha zina vitu viwili, mafaili yenyewe na databesi inayokumbuka albamu, sura za watu, nani anaona nini. Vyote viwili vinatakiwa viwe kwenye bekapu. Ukiwa na mafaili bila databesi picha unazo lakini ni rundo, zile saa zote mlizokaa mkimwambia huyu ni bibi huyu ni shangazi zimepotea. Ukiwa na databesi bila mafaili huna kitu.

Alafu karatasi. Naongea na mumeo moja kwa moja sasa. Kaka, andika kwenye karatasi ya kawaida, mashine iko wapi, inazimwaje na kuwashwaje, waya upi usichomolewe, domeni (jina lenu la mtandaoni) imelipiwa wapi na inaisha lini, nakala ya nje iko wapi, na paswedi ya kuifungulia. Hii ya mwisho ni nzito, restic ukipoteza paswedi hakuna mtu duniani wa kukufungulia, na kama paswedi yenyewe umeihifadhi ndani ya seva iliyokufa umezika vyote kaburi moja. Karatasi ikae pale mnapoweka vyeti vya watoto. Isiandikwe kwa lugha yako, iandikwe kwa lugha ya mkeo, alafu siku moja ukiwa umekaa tu kwenye kochi mpe aizime na kuiwasha mwenyewe huku wewe umenyamaza, usimsaidie hata neno. Atakapokwama ndo sehemu ya karatasi ya kuandika upya.

Na mpaka hayo yote yawe yamefanyika dada usibonyeze kile kitufe cha kuondoa picha kwenye simu ili kupata nafasi. Simu yako ndo nakala yako ya mwisho kwa sasa.

Nimeamka nikakuta programu yangu ya mafaili haifunguki, kontena ya databesi inawaka na kuzima inawaka na kuzima. Sijagusa chochote! — Sijagusa

Hujagusa wewe, imegusa ile programu uliyoiweka iapdeti kontena zote usiku, vile visanduku ambavyo kila programu inakaa ndani yake. Angalia logi, yaani daftari la matukio, nabashiri utaona maneno kwamba data ilianzishwa na toleo lingine la PostgreSQL, programu ya databesi yako. Uliandika latest, yaani toleo jipya lolote, kwenye faili lako la Docker, ile inayoendesha kontena, likatoka toleo kubwa jipya, na Postgres haisomi folda ya data ya toleo kubwa lililopita, inakataa kuwaka ili isiharibu. Tulia, hakuna kilichopotea, usifute folda wala volyumu yoyote, hilo ndo la muhimu kuliko yote maana ukipaniki ukafuta ndo utakuwa umeipoteza kweli. Andika namba ya toleo la zamani pale palipokuwa na latest, itawaka kama kawaida. Ukitaka kupanda, toa nakala kwa amri ya pg_dumpall, washa toleo jipya kwenye folda tupu, mwaga nakala ndani. Na ukifika toleo la 18 soma kwanza maelezo ya imeji rasmi, yaani kifurushi cha Postgres cha Docker, maana wamebadilisha na mahali folda ya data inapokaa.

Kama hiyo programu ya mafaili ni Nextcloud kumbuka nayo hairuki matoleo makubwa, unapanda ngazi moja moja mpaka ufike. Ushauri wangu kwa databesi andika namba siku zote, apdeti za usiku ziachie vitu ambavyo vikifa hutalia.

Kuna watu wanajaribu kuingia kwenye seva yangu! Logi ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) imejaa, majina ya root, admin, test, mfululizo usiku na mchana. Kuna mtu ananifuatilia? — Nina Hofu

Hakuna mtu anayekujua. Ni programu zinazopita kwenye kila anwani ya dunia. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwa chombo chao ZMap kwamba kompyuta moja yenye laini ya gigabiti inaweza kugonga poti moja kwenye anwani zote za IPv4 chini ya dakika 45, kwa hiyo kugongwa ni hali ya hewa tu ya intaneti. Hatari ni paswedi dhaifu. Mirai, kirusi cha mwaka 2016, ilikusanya kamera na ruta za watu kwa kujaribu kama jozi 60 hivi za majina na paswedi za kiwandani, basi, na ikaleta shida kwa tovuti kubwa kabisa. Zima kuingia kwa paswedi, tumia funguo, yaani faili la siri badala ya paswedi, na kabla hujazima hakikisha funguo inafanya kazi kwenye dirisha la pili huku la kwanza liko wazi. Bora zaidi poti ya SSH isionekane nje kabisa, iwe nyuma ya WireGuard, hiyo hainyanyui hata sauti kwa mtu asiye na funguo kwa hiyo mpita njia haoni kama kuna kitu.

Nataka seva yangu ya barua pepe nyumbani, jina langu mwenyewe kwenye anwani. Watu wananikatisha tamaa. — Mbishi

Jina lako kwenye anwani lichukue leo, nunua domeni, maana domeni ikiwa yako unaweza kuhama kwa mtoa huduma yeyote na anwani haibadiliki. Hilo ndo lenye faida kubwa na halihitaji seva.

Kupokea nyumbani kunawezekana kama poti 25, mlango wa barua pepe, inafika kwako, na hapa nikutoe hofu moja, seva yako ikizima siku nzima barua hazipotei, seva ya mtumaji inatakiwa iziweke foleni na kujaribu tena, kawaida mpaka siku 4 au 5. Kutuma ndo mwiba. Laini za nyumbani mara nyingi poti 25 imefungwa, anwani zake ziko kwenye orodha za kukataliwa hata kama hujawahi kutuma kitu, na huna mamlaka ya kuweka jina la kinyume la hiyo anwani, yaani lile linaloonekana mtu akiuliza anwani hiyo ni ya nani. Toka Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi masharti ya SPF, DKIM na DMARC, njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Unaweza kufanya vyote sawasawa na barua ya kuomba kazi bado ikaishia kwenye spamu, na mbaya zaidi hutajua. Pokea kwako ukipenda, kutuma pitishia kwa anayefanya kazi hiyo.

Printa ya waifai inapotea kila baada ya siku kadhaa, naiondoa na kuiweka upya ndo inarudi. — Mwalimu

Ruta inaibadilishia anwani, kompyuta inaendelea kuitafuta ile ya zamani. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, iwekee printa anwani ya kudumu, alafu iongeze mara ya mwisho kwa hiyo anwani. Ikiendelea kupotea hata hivyo, zima ule usingizi mzito kwenye menyu ya printa yenyewe.

Shikamoo fundi. Nina miaka 16, nimepewa laptopu ya zamani, RAM 4GB, skrini imepasuka. Nataka iwe seva yangu ya kwanza. Inafaa? Na nianze na nini? — Kijana

Marahaba mwanangu. Inafaa kabisa, tena ina faida ambayo seva nyingi hazina, betri, umeme ukikatika kidogo haishtuki. Na haili umeme, laptopu inayokaa kwenye wati 10 ni kama yuniti 88 kwa mwaka mzima, kompyuta kubwa ya zamani inayokula wati 60 bila kufanya kazi ni zaidi ya 520.

Kabla ya yote ikague hiyo betri. Iweke mezani palipo sawa, kama inayumba, au padi ya kugusa imenyanyuka, au mfuniko wa chini umeachana, betri imevimba, usiichaji tena, mpe mtu mzima anayejua aitoe, na usijaribu kuitoboa wala kuikandamiza. Ikiwa nzima iwekee kikomo cha chaji kama 60 au 80 kwa mia, laptopu nyingi zinaruhusu, maana kukaa imejaa mwaka mzima kwenye joto ndo kunakovimbisha.

Weka Debian, aina ya Linux, bila ule muonekano wa madirisha na ikoni, 4GB itakutosha. Skrini iliyopasuka haikusumbui maana utaingia kwa SSH, ila kwenye faili /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunga mfuniko italala na utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo.

Cha kuanzia, anza na muziki au video zako, kwa programu kama Jellyfin au Navidrome, au Syncthing ya kuhamisha mafaili kati ya simu na laptopu. Kitu ambacho kikiharibika unakasirika jioni moja kesho unaanza upya. Paswedi zako usiziweke huko kwa sasa, picha za nyumbani pia subiri. Kila unachofanya kiandike kwenye daftari, amri kwa amri, hata ukiona ni kidogo. Alafu ikishakaa sawa na umeizoea, fomati diski makusudi na uijenge tena kutoka kwenye daftari. Ukikwama ukurasa fulani, rekebisha huo ukurasa, endelea. Ukifika mwisho bila kutafuta popote nje ya daftari lako, hapo weka picha za nyumbani, na ile nakala ya nje iwe tayari siku hiyo hiyo.